Jina Lisilo na Wajina

Mzazi wa leo akitafuta jina la mtoto huanza kwa kukata. Juma hapana, wako wengi. Mariamu hapana, kila nyumba yumo. Neema ni zuri, lakini darasa moja la shule ya msingi huweza kuwa na akina Neema wanne. Anataka jina ambalo mwalimu akiliita, atasimama mtoto mmoja tu. Analipata, analifurahia, na miaka michache baadaye anagundua kwamba jirani, binamu na mke wa mchungaji nao wamelipata. Jina lililopendwa kwa kuwa halikuwa na mwenyewe sasa lina wenyewe tele. Swali ninalotaka kulijadili linaonekana dogo, ila mizizi yake imezama katika dini na falsafa: mtoto huyo amepoteza kitu? Kama amepoteza, ni nini hasa? Na kama hajapoteza, mzazi wake alikuwa akitafuta nini? Msimamo wangu ni kwamba hajapoteza chochote. Jina jema likienea limetimia, na anayeumia kwa sababu jina la mwanawe limeigwa alikuwa akitafuta mali huku akidhani anatafuta baraka.

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ni mahali panapofaa kulipima swali hili. Upande wa mashariki, wilayani Muheza, iko Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, na ambako tangu 1997 msitu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde la mto Lwengera, iko Lushoto na majirani zake Vuga, Mlalo na Bumbuli. Kote huko Waislamu na Wakristo hukaa kijiji kimoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Daftari la mahudhurio la shule moja linaweza kuwa na Shekilindi ambaye jina lake ni la Kisambaa tangu asili, Yahaya ambaye jina lake lilipanda mlima kutoka pwani, Yohana ambaye jina lake lilikuja na misheni, na Amani ambaye hana mtume wala mtakatifu wa kuitwa kwa jina lake. Kila moja ya njia hizo nne ina la kutufundisha kuhusu jina adimu na safari yake.

Tuanze na Yahaya na Yohana, kwa sababu vitabu vya dini zote mbili vinasimulia habari ya mtoto aliyepewa jina lisilo na wajina, na mtoto mwenyewe ni huyo huyo. Katika Injili ya Luka, jamaa na majirani walikusanyika siku ya nane kumtahiri mtoto, wakataka kumwita Zakaria kwa jina la baba yake. Elizabeti akakataa, akasema ataitwa Yohana. Hoja yao dhidi yake ilikuwa moja tu: katika jamaa yako hakuna mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, ambaye alikuwa amefungwa ulimi. Akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilolisema mama, na ulimi wake ukafunguka. Qurani, katika aya ya 7 ya sura ya Maryam, inaileta habari hiyo kutoka upande wa mbinguni: Zakaria anabashiriwa mwana ambaye jina lake ni Yahya, na anaambiwa kwamba kabla yake hakuna aliyepewa jina hilo. Uadimu wa jina umetajwa humo kama sehemu ya bishara yenyewe. Mzazi anayependa jina geni anaweza kusema, kwa haki, kwamba ana ushahidi wa maandiko.

Sira ya Mtume Muhammad nayo ina simulizi inayofanana na hiyo kwa namna ya kushangaza. Mtoto alizaliwa yatima, babu yake Abdul Muttalib akampa jina ambalo Waarabu wa zama zile walikuwa hawalitumii ila wachache mno. Wazee wa Kikureshi wakamuuliza kwa nini ameyaacha majina ya mababu. Akajibu kwamba alitaka mtoto huyo asifiwe na Mungu mbinguni na asifiwe na viumbe duniani. Hapa tena tunauona ukoo ukilinda majina yake, tunamwona mlezi akivunja desturi, na tunalisikia pingamizi lile lile lililomkuta Elizabeti. Tofauti ni kwamba Abdul Muttalib alitoa sababu yake waziwazi, na sababu hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala huu. Hakusema anataka mjukuu wake asifanane na mtu. Alilichagua jina kwa ajili ya tumaini fulani, na uadimu ulikuja nalo kwa kuwa tumaini lenyewe lilikuwa jipya.

Sasa tuyatazame yaliyoyapata majina hayo mawili baadaye. Jina ambalo hapakuwa na mtu wa jamaa ya Elizabeti aliyelibeba limekuwa Yahya, Yohana, John, Juan, Ivan na Johann. Mwaka 1848 mmisionari aliyefika Vuga kumwona mfalme Kimweri aliitwa Johann Ludwig Krapf, na mwaka 1891, misheni ilipofunguliwa Mlalo, mmoja wa waanzilishi alikuwa Ernst Johanssen. Hata katika jina lake la ukoo, jina la mtoto wa Zakaria lilikuwa limepenya. Muhammad nalo, ambalo wazee wa Makka waliliona geni, leo ni miongoni mwa majina yanayotolewa zaidi duniani, na mwaka 2023 lilishika nafasi ya kwanza kwa watoto wa kiume hata Uingereza na Wales, kwa watoto 4,661. Je, kuna Mwislamu anayesikitika kwamba jina la Mtume limekuwa la kawaida? Kuna Mkristo anayeona kwamba kila Yohana anayebatizwa Bumbuli anampunguzia kitu Yohana Mbatizaji? Hakuna, na sababu iko wazi. Abdul Muttalib alitaka jina lisifiwe duniani, na jina haliwezi kusifiwa duniani likibaki kwa mtu mmoja. Kuenea kulikuwa ndani ya dua tangu siku ya kwanza.

Wafasiri wa Qurani wenyewe waliligusa jambo hili. Wengine waliielewa aya ile kwa maana ya wazi, kwamba hakuna aliyewahi kuitwa Yahya. Wengine, akiwemo Mujahid wa kizazi kilichowafuata masahaba, walielewa kwamba hakuna aliyewahi kufanana naye. Hatuna haja ya kuamua nani alikuwa sahihi. Inatosha kuona kwamba hata wale waliosoma aya kwa macho ya kutafuta upekee waliweza kuutafuta katika maisha ya mtu badala ya katika sauti ya jina lake. Sura hiyo hiyo inaendelea kumweleza Yahya kwa sifa: alipewa hekima angali mtoto, alikuwa mwema kwa wazazi wake, hakuwa jabari. Hizo ndizo zilizomfanya wa pekee, na hakuna hata moja iliyoondoka maelfu ya wengine walipochukua jina lake.

Wasambaa walilijua jambo hili kabla ya vitabu hivyo kufika mlimani. Himaya ya Wakilindi, iliyotawala kutoka Vuga tangu karne ya 18, ilirudia majina ya wafalme wake. Kulikuwa na Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862. Kulikuwa na Kimweri Maguvu. Na katika karne ya 20 kulikuwa na Kimweri Mputa Magogo. Ingekuwa jina adimu ndilo linalompa mtu ukubwa, wafalme wangekuwa watu wa kwanza kujitafutia majina yasiyo na wajina, maana nani alikuwa na uwezo zaidi yao wa kumkataza mwingine asilitumie? Walifanya kinyume. Mtawala alitafuta jina lililowahi kubebwa, kwa kuwa jina hilo lilimfungia katika mnyororo wa waliomtangulia, na nyongeza iliyofuata jina ndiyo iliyotenga mmoja na mwingine. Jina lilisema mtu anatoka wapi, na maisha yake yakasema yeye ni nani.

Mwanzo wa himaya hiyo unaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho Abdallah bin Hemedi alikiandika kwa Kiswahili na misheni ya Kianglikana ya Magila ikakichapa, Mbegha, mwanzilishi wa himaya hiyo, anaelezwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa imani ya zama zile mtoto wa namna hiyo alikuwa mkosi, na ndugu zake walitumia sababu hiyo kumnyima urithi huko Ngulu. Alikuwa wa pekee kwa kiasi ambacho hakuna mzazi wa leo angekitamani, na upekee huo ulikuwa mzigo. Kilichomfanya Mbegha akubalike Usambara, kwa mujibu wa masimulizi hayo, ni kwamba aliwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na akagawa nyama. Aliingia katika maisha ya watu. Tunaosema upekee ni zawadi tupu tumesahau kwamba kwa mababu zetu kutofanana na wengine kulikuwa jambo la hatari, na kwamba mtu alipona hatari hiyo kwa kufungamana na wenzake.

Kuna ushahidi mwingine, wa karibu zaidi na zama zetu. Wajerumani waliipa Lushoto jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, na wamisionari wakaiita Mlalo Hohenfriedeberg. Hayo yalikuwa majina adimu kweli kweli. Hapakuwa na kilima kingine Afrika Mashariki nzima chenye kuitwa Hohenfriedeberg. Yalikuwa na mhuri, ramani na ofisi. Utawala ulipoanguka katika Vita vya Kwanza vya Dunia yalianguka nayo, na leo anayeyajua ni mtafiti wa historia. Lakini majina ya watu yaliyoletwa na misheni hiyo hiyo, Yohana, Petro, Marko, Paulo, hayakuondoka na Mjerumani. Yote yalikuwa mageni siku ile ile. Tofauti ni kwamba ya kwanza yalibandikwa juu ya nchi na wenye nguvu, na ya pili yalitwaliwa na wazazi wakawapa watoto, kisha watoto wakawapa wajukuu. Jina huishi kwa kurudiwa. Amri inaweza kulianzisha, ila haiwezi kulitunza.

Mwanafalsafa wa Kimarekani Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970, alieleza kwamba jina hushikamana na mtu kwa kuwekwa siku ya kwanza, kisha hupokewa kutoka kinywa hadi kinywa, kila msemaji akilitumia kwa nia ya kumtaja yule yule aliyetajwa na aliyemfundisha. Kwa maelezo hayo, jina ni la jumuiya inayolitamka kabla halijawa la anayelibeba. Mtu huita jina lake mwenyewe mara chache, na wengine huliita kila siku. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alilipeleka jambo hilo hadi ng'ambo ya kaburi: marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Ukiziweka fikra hizo mbili pamoja, jina adimu linaonekana kwa sura nyingine. Ni jina lenye vinywa vichache, na kwa hiyo liko karibu na kusahauliwa. Hata porini ni hivyo: ua la Usambara, ambalo wataalamu walilipa jina rasmi mwaka 1893 na kuliita kwa jina la ofisa wa Kijerumani, Saint Paul, limekuwa pambo la madirisha dunia nzima huku ndugu zake wa porini wakizidi kupungua kila msitu unapokatwa. Walio adimu ndio walio hatarini. Hakuna mhifadhi anayeusifia uadimu huo. Wote wanataka uishe.

Majina kama Amani, Neema, Baraka, Faraja na Tumaini yamepita njia hiyo. Leo ni ya kawaida kiasi kwamba tunasahau yalivyokuwa mageni kwenye kisima cha ubatizo. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria ya 1983 iliulegeza mlango: inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa hiyo mtoto wa kwanza katika parokia fulani kubatizwa Amani bila kuongezewa Petro alikuwa na jina la pekee, na huenda wazazi wake walilitetea kama Elizabeti alivyolitetea lake. Waliotetea wangeshindwa kama jina lingebaki kwa mtoto wao tu. Lingehesabiwa kuwa kioja cha familia moja. Walishinda kwa sababu wengine waliiga. Leo mama wa Kikristo wa Lushoto na mama wa Kiislamu wa Amani wanaweza kuwapa watoto wao jina moja bila yeyote kuona ameacha dini yake, na daraja hilo limejengwa na kuenea kwa jina.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la kazi za kila siku. Watu wenye jina moja huchanganywa: hospitali, benki, mahakamani, kwenye matokeo ya mtihani. Ni kweli, na madhara yake si madogo. Lakini tuangalie jinsi serikali ilivyolitatua tatizo hilo. Haikuwaomba wazazi wawe wabunifu. Ilimpa kila mtu namba. Kitambulisho cha taifa kina namba ya tarakimu 20, na hakuna Watanzania wawili wenye namba moja. Hiyo ndiyo alama isiyo na wajina, kamili kuliko jina lolote ambalo mzazi angeweza kulibuni, na hakuna mtu anayeipenda. Hakuna mama anayemwita mwanawe kwa namba hiyo, wala mchumba anayeinong'ona. Namba imetuonyesha kwamba kutofautisha na kuita ni kazi mbili. Sasa kazi ya kwanza imepata mtumishi wake, na jina limeachiwa huru lifanye kazi ambayo namba haiwezi: kumfungamanisha mtu na walio mbele yake, walio kando yake na yule anayemtumaini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba kuenea si kutimia kila mara. Mara nyingi ni mtindo tu, na mtindo hulimaliza jina. Mfano maarufu ni wa Marekani. Mwaka 1999 waliandikishwa watoto wanane tu walioitwa Nevaeh, ambalo ni neno la Kiingereza la mbingu lililoandikwa kinyumenyume. Mwimbaji mmoja alipomtaja binti yake mwenye jina hilo kwenye televisheni, likashika kasi, na mwaka 2005 walikuwa 4,457. Kisumu nako, baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, kulizaliwa akina Barack na akina Michelle wengi kwa siku chache. Mwanasosholojia Stanley Lieberson, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba majina yana mawimbi yake ya mitindo, yanayopanda na kushuka hata pasipo tukio kubwa la kuyasukuma. Basi mwenye pingamizi atauliza: hao 4,457 waliomba mbingu, au walifuata televisheni? Nakubali kwamba wengi walifuata. Lakini pingamizi hili linapima jina kwa nia ya aliyelitoa peke yake, na jina lina maisha marefu kuliko nia hiyo. Mzazi aliyemwita mwanawe Amani kwa kuwa lilikuwa likivuma amemwachia neno ambalo mtoto atalikuta akikua, na ataulizwa habari zake. Kivu, mashariki ya Kongo, ambako vita vimekuja na kurudi tangu 1996, Amani ni jina linalosikika sana. Wingi wa wanaolibeba hauwezi kuitwa mtindo uliochuja. Ni ombi ambalo halijajibiwa, na kila mwaka linapata watia saini wapya.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine: kama uadimu hauna thamani, kwa nini tusiwaite wote Juma? Hapa hoja yangu inahitaji kuwekewa mpaka. Sikusema jina jipya ni kosa. Mtoto wa Zakaria alihitaji jina jipya, na waliosema jina lazima litoke katika jamaa walikuwa wamekosea. Mwaka 1922, Butiama, mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Kambarage, kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongezewa Julius, na jina la kwanza halikufutika, hata uwanja wa mpira wa Shinyanga unaitwa kwa hilo. January Makamba, aliyekuwa mbunge wa Bumbuli kuanzia 2010, alizaliwa mwezi wa Januari mwaka 1974. Majina ya namna hii hushika tukio lisiloweza kushikwa na jina la babu: mvua iliyonyesha, mwezi uliokuwa umeandama. Lazima awepo wa kwanza ili wawepo wa pili. Kipimo ninachopendekeza hakiulizi kama jina ni jipya au la zamani. Kinauliza mzazi atajisikiaje jirani akimpa mwanawe jina hilo hilo. Akifurahi, alikuwa amechagua baraka, kwa maana baraka haipungui kwa kugawanywa. Akichukia, alikuwa amechagua kitu cha kujitambia, na mtoto amefanywa pambo la mzazi. Watu wa pwani wana adabu inayofundisha furaha hiyo: wawili wenye jina moja wakikutana huitana somo au wajina, na hata wakiwa wageni kabisa huanza mazungumzo kana kwamba wana udugu. Mwenye jina lisilo na wajina hana wa kumsalimia hivyo.

Kipimo hicho kina manufaa mengine: kinayafichua majina yasiyofaa kutolewa kabisa. Usambara na kwingineko wako wanaoitwa Shida, Tabu na Mashaka, kwa kumbukumbu ya hali iliyokuwapo walipozaliwa. Baadhi ya majina hayo ni ushahidi wa wazazi waliovumilia, nami siyadharau. Lakini muulize mzazi kama angependa watoto wote wa kijiji waitwe hivyo, na atasita. Mtume alilibadili jina la mwanamke aliyeitwa Asiya, lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. Na alisema majina yapendezayo zaidi kwa Mungu ni Abdullah na Abdulrahman, ambayo yanaweza kubebwa na kila mja. Jina ambalo tusingependa lirudiwe ni jina ambalo hatuna budi kujiuliza kwa nini tunamtwisha hata huyu mmoja.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo ni la moyo. Mzazi anaweza kusema: mwanangu si mmoja kati ya wengi; Mungu alimuumba peke yake, na nilitaka jina lake liseme hivyo. Hisia hiyo ni ya kweli, na dini haziipingi. Zinaipa mahali pake tu. Aya ya 95 ya sura ya Maryam, sura ile ile iliyomtaja Yahya, inasema kila mmoja atamjia Mungu Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 2, kinaahidi kwamba atakayeshinda atapewa jiwe jeupe lililoandikwa jina jipya, asilolijua mtu ila yeye anayelipokea. Basi jina lisilo na wajina lipo katika imani. Lakini hutolewa mwisho, baada ya mwendo, na anayelitoa ni Mungu. Mzazi anayelitaka siku ya saba au siku ya nane anajaribu kutoa kwa niaba ya mtoto kitu ambacho mtoto mwenyewe atakifikia kwa maisha yake, na ambacho hakuna jirani atakayeweza kukiiga.

Kwa hiyo wazazi na wazee wa dini wanapokaa kutafuta jina, swali la nani mwingine analo lina uzito mdogo kuliko linavyopewa. Swali lenye uzito ni hili: tungependa nani mwingine alichukue? Anayetaka jina lisilosikika sana hahitaji kulitengeneza kwa kugeuza herufi. Bibi na babu wa Usambara wangali na majina ya Kisambaa ambayo vinywa vinavyoyaita vinazidi kupungua, na kumpa mtoto mojawapo ni kulifufua. Aliye na jina linalopendwa na wengi naye hana cha kuonea haya, kwa sababu ameunganishwa na tumaini ambalo wengine pia wameliona linafaa kuombwa. Na mzazi ambaye jina alilolibuni limeigwa na mtaa mzima ana haki ya kujivuna kidogo: kati ya majina yote waliyoweza kuchagua, walichagua kuomba alichokiomba yeye.